Barua za Waandishi wa Vitabu vya Watoto: Mwongozo kwa Mkutubi wa Shule wa Kuziomba na Kuzitunza

Mkutubi wa shule anayetaka watoto wake wapate barua kutoka kwa mwandishi wa kitabu walichokisoma hahitaji bajeti kubwa wala kujuana na watu wakubwa. Anahitaji kitabu kilichosomwa kweli, karatasi, stempu, ruhusa ya mkuu wake, na mahali pa kuiweka barua itakapofika. La mwisho ndilo husahaulika zaidi. Shule nyingi zimewahi kuandikiwa na mwandishi, barua ikasomwa mstarini asubuhi, watoto wakapiga makofi, kisha ikabandikwa ubaoni kwa selotepu na mwaka uliofuata hakuna aliyejua ilikokwenda. Kwa hiyo mwongozo huu unashughulika na kutunza kwa uzito uleule wa kuomba, na umeandikwa hasa kwa mwalimu aliyekabidhiwa maktaba bila kusomea ukutubi, kwa kuwa huyo ndiye mkutubi wa shule zetu nyingi.

Jambo lenyewe si geni duniani. Mwaka 1971 Marguerite Hart, mkutubi wa watoto wa maktaba ya mji wa Troy, jimbo la Michigan nchini Marekani, aliwaandikia watu mashuhuri wa kila namna akiwaomba kila mmoja awaandikie watoto wa mji huo neno juu ya maktaba na usomaji, kwa kuwa maktaba mpya ilikuwa karibu kufunguliwa. Zilirudi barua 97, miongoni mwake zikiwa za waandishi Isaac Asimov, Dr. Seuss na E. B. White, na hata ya Neil Armstrong, ambaye wakati huo hakuwa ametimiza miaka miwili tangu akanyage mwezini. Miaka mitano kabla ya hapo Lena de Grummond, aliyekuwa amesimamia maktaba za shule za jimbo la Louisiana kabla ya kwenda kufundisha ukutubi katika Chuo Kikuu cha Southern Mississippi mjini Hattiesburg, alianza kuwaandikia waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto akiwaomba miswada na michoro yao ya awali. Kutokana na barua hizo chuo hicho leo kina hazina ya kazi za waandishi na wachoraji zaidi ya 1,300. Wanawake hawa wawili walifanana katika mambo mawili: kila mmoja aliomba kitu kimoja kinachoeleweka, na kila kilichofika kiliingizwa katika mali ya taasisi, hakikubaki kwenye mkoba wa mtu.

Hatua ya kwanza: anza na rafu yako

Usianze na orodha ya waandishi maarufu. Fungua daftari la kuazima vitabu uangalie ni kitabu gani watoto wamekichukua mara nyingi, au tazama ni kipi kimechanika jalada na kushonwa upya. Mwandishi wa kitabu hicho ndiye wa kumwandikia, hata kama jina lake halijawahi kutajwa redioni. Mwandishi wa vitabu vya watoto vya Kiswahili aghalabu hapati habari yoyote kutoka kwa wasomaji wake. Anajua nakala ngapi zimeuzwa, iwapo mchapishaji amemweleza, lakini hajui ni ukurasa upi uliwachekesha watoto wa darasa la nne. Barua inayomletea habari hiyo ina nafasi kubwa ya kujibiwa kuliko ile inayokwenda kwa mtu anayepokea magunia ya barua kila mwezi.

Wachague wawili au watatu kwa mwaka, basi. Nafahamu kishawishi cha kutuma barua kwa waandishi ishirini kwa mpigo, na Marguerite Hart alifanya zaidi ya hapo, lakini yeye alikuwa mkutubi wa kudumu mwenye ofisi, nawe pengine una vipindi ishirini na tano vya kufundisha kwa wiki. Kila barua itakayojibiwa inakudai shukrani, namba, bahasha ya kuhifadhia na nakala. Watangulize waandishi wenye umri mkubwa, maana barua isiyoombwa kwa wakati haiombwi tena. Ken Walibora alifariki Nairobi mwezi Aprili 2020, na shule zilizokuwa zikisema zitamwandikia mwakani zilibaki hivyo.

Hatua ya pili: tafuta anwani kwa njia ya mchapishaji

Anwani unayo tayari. Ukurasa wa mwanzoni mwa kitabu wenye ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) na tamko la hakimiliki una jina la mchapishaji na sanduku lake la posta, na siku hizi huwa na barua pepe pia. Andika juu ya bahasha jina la mwandishi, kisha maneno "kwa kupitia" na jina la kampuni. Ndani ya bahasha hiyo weka barua ya mwandishi ikiwa katika bahasha yake iliyofungwa, pamoja na kikaratasi cha sentensi mbili kwa mhariri kikimwomba aifikishe. Kabla ya kutuma, piga simu ofisi ya mchapishaji uulize iwapo wanapeleka barua kwa waandishi wao na nani hushughulikia. Usiombe namba ya simu ya mwandishi, kwa kuwa ofisi makini haitakupa, na isiyo makini ikikupa utakuwa umeanza uhusiano kwa kumvamia mtu nyumbani kwake.

Katika Afrika Mashariki umbali kati ya mchapishaji na mwandishi wakati mwingine ni mdogo kuliko tunavyodhani. Kampuni ya E & D ya Dar es Salaam, kwa mfano, ilianzishwa na Elieshi Lema na Demere Kitunga, ambao ni waandishi wenyewe. Vitabu vingi vya hadithi vilivyofika katika maktaba za shule za msingi Tanzania vilipitia Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991 wakati uhaba wa vitabu vya Kiswahili vya kujisomea ulipokuwa mkubwa, kwa hiyo kama kitabu chako kina nembo ya mradi huo na mchapishaji wake amekwisha kufunga ofisi, ulizia huko.

Kwa mwandishi aliye nje ya nchi, kumbuka kwamba stempu ya Tanzania au Kenya haiwezi kutumika kutuma barua kutoka Uingereza. Kumwekea bahasha yenye stempu yetu ndani ni kupoteza fedha. Mwekee bahasha yenye anwani ya shule iliyoandikwa kwa herufi kubwa zinazosomeka, bila stempu, na umtajie barua pepe ya shule kama njia mbadala. Kwa mwandishi wa hapa nchini, stempu iwepo. Ni heshima, na huondoa kisingizio.

Hatua ya tatu: ruhusa na usalama wa watoto

Barua itoke kwa jina la shule na ipite kwa mwalimu mkuu, au mkuu wa shule kama ni sekondari, naye aweke saini kwenye nakala inayobaki. Hili si urasimu wa bure. Jibu litakapofika kwa sanduku la posta la shule, na hasa kama sanduku lenyewe ni la kata au la halmashauri, ni yule aliyesaini atakayejua ni la nani.

Watoto watajwe kwa jina la kwanza na darasa tu. Usitume picha zao, majina ya wazazi wala kijiji cha mtoto mmojammoja, na mtoto asipewe nafasi ya kuandikiana na mtu mzima wa nje kwa anwani yake ya nyumbani, hata mtu huyo awe mwandishi anayependwa na nchi nzima. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Lakini hata pasipo sheria hizo, mzazi aliyekuachia mtoto hakukupa idhini ya kuyasambaza maisha yake.

Hatua ya nne: kuandika barua yenyewe

Hapa ndipo kazi inapofanikiwa au kuharibika, kwa sababu jibu hufuata sura ya swali. Ukiuliza mambo ya jumla utajibiwa kwa jumla, na ukituma dodoso la maswali kumi ya wasifu hutapata barua, utapata fomu iliyojazwa au kimya. Beverly Cleary, mwandishi wa Marekani ambaye kabla ya kuandika alikuwa mkutubi wa watoto mjini Yakima, jimbo la Washington, alipokea barua nyingi za watoto walioagizwa na walimu wao kumhoji kama sehemu ya kazi ya darasani, na mwaka 1983 alitoa riwaya yenye jambo hilohilo, juu ya mtoto anayemwandikia mwandishi maswali aliyoagizwa na mwalimu. Waandishi wanazitambua barua za namna hiyo kuanzia mstari wa kwanza.

Kabla ya kuandika, soma kitabu na watoto kwa sauti hadi mwisho, kisha waache waulize. Andika maswali yote ubaoni. Yafute yale ambayo jibu lake limo kitabuni au juu ya jalada: ulizaliwa wapi, umeandika vitabu vingapi, ulisoma shule gani. Yatakayobaki ndiyo mali. Mtoto anayesema, "Sura ya tatu inasema mtumbwi ulikuwa na tundu, mbona sura ya tano walivuka nao?" amesoma kwa makini kuliko wahariri kadhaa, na mwandishi akiona swali hilo hataweza kuliacha bila jibu. Chagua maswali mawili, yasizidi matatu, na yaandikwe kama yalivyotoka kinywani mwa watoto, bila mwalimu kuyapiga pasi.

Mwalimu aandike barua moja ya kuombea, na watoto waandike yao fupi ya pamoja. Katika barua ya mwalimu, iache ile sentensi ya ofisini inayosema "husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu." Mwandishi amekwisha kukiona kichwa cha habari, na hakuna barua nzuri iliyowahi kuanza hivyo. Huu hapa mfano unaoweza kuurekebisha:

Ndugu Mwandishi,

Yah: Ombi la barua kwa wasomaji wa darasa la tano

Mimi ni mwalimu wa maktaba katika shule ya msingi iliyoko wilayani Pangani. Muhula huu darasa la tano limesoma kitabu chako kwa sauti, kurasa chache kila Ijumaa, na siku tulipofika mwisho watoto waliomba tuanze upya. Tuna nakala mbili tu, kwa hiyo tunasoma kwa kupokezana.

Tunakuomba uwaandikie watoto hawa barua ya ukurasa mmoja au pungufu, ukiwaeleza jambo moja tu: ni sehemu gani ya kitabu hiki iliyokutaabisha kuiandika, na uliivukaje. Maswali yao mawili yamo katika barua yao iliyoambatishwa.

Barua yako tungependa kuihifadhi katika maktaba ya shule na kuwasomea madarasa yajayo. Tafadhali tujulishe iwapo unaturuhusu pia kubandika nakala yake ubaoni na kuwapa wazazi nakala. Usiporuhusu, itasomwa maktabani tu. Bahasha yenye stempu imo ndani. Hatutarajii zawadi ya vitabu wala ziara.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Maktaba

Angalia sentensi ya mwisho kabla ya saini. Waandishi wa kwetu wamezoea kuombwa vitabu vya bure, na kila barua ya shule inayofika huifungua wakisubiri ombi hilo. Kulikanusha mapema kunamwachia mwandishi nafasi ya kuandika kwa moyo mkunjufu. Kama mna haja ya vitabu, hiyo ni barua nyingine, kwa mchapishaji, siku nyingine. Angalia pia kwamba ruhusa ya kuhifadhi na kusambaza imeombwa papo hapo, jambo ambalo litakuokoa utakapofika hatua ya haki.

Barua ya watoto ianze kwa "Shikamoo" kama mwandishi ni mtu mzima. Watoto wenyewe wataona ajabu ikikosekana, na huwa napenda kuona kama jibu litaanza na "Marahaba wanangu", kwa maana likianza hivyo mwandishi amekwisha kukaa kitako na watoto. Iandikwe kwa mkono na mtoto mmoja mwenye hati inayosomeka, wengine wote waweke majina yao ya kwanza chini. Makosa madogo ya tahajia yaachwe.

Kabla ya kufunga bahasha, toa fotokopi ya barua zote mbili. Mtu atakayelikuta jibu baada ya miaka kumi, likisema "kuhusu lile tundu la mtumbwi, mmenikamata," hataelewa chochote kama barua yenu haipo pembeni yake.

Hatua ya tano: kutuma na kusubiri

Kwa Tanzania, mwezi Februari ni mzuri. Madarasa yamekwisha kutulia, na jibu lina nafasi ya kufika kabla ya likizo ya Juni. Barua inayotumwa Agosti hufika wakati shule nzima imezama katika mtihani wa darasa la saba. Tuma kwa rejista kama fedha inaruhusu, na risiti uibandike kwenye nakala.

Waambie watoto mapema kwamba huenda jibu lisije. Mwaka 2006 wanafunzi wa shule ya sekondari ya Xavier mjini New York walipewa kazi ya kuwaandikia waandishi wanaowapenda na kuwaalika shuleni, na aliyejibu ni mmoja tu, Kurt Vonnegut, akiwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 84. Hakuweza kuja. Badala yake aliwaachia kazi: kila mmoja atunge shairi la mistari sita lenye vina, asimwonyeshe mtu, kisha alichanechane na kulitupa vipandevipande. Huyo hakuwa mwandishi wa watoto, lakini jibu lake linafaa kukumbukwa na kila mkutubi anayeona kwamba "siwezi kuja" ni barua iliyoshindwa.

Ikipita miezi miwili bila jibu, mkumbushe mchapishaji mara moja kwa ujumbe mfupi wa heshima. Mara ya pili usikumbushe.

Hatua ya sita: siku barua inapofika

Fanya haya kabla haijasomwa hadharani, maana baada ya hapo kila mtu ataitaka mkononi. Kata bahasha upande mfupi kwa kisu, ukiukwepa upande wenye stempu, na usiitupe: muhuri wa posta unaonyesha ilikotoka na tarehe, na waandishi wengi hawaweki tarehe kwenye barua zao. Kama barua ina pini, weka ubapa wa kisu chembamba kati ya pini na karatasi, inyanyue miguu ya pini taratibu kwa nyuma, kisha itoe. Ukanda wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, chumvi na unyevu wa hewa huitia pini kutu upesi, na kutu ikishaingia kwenye karatasi haitoki tena. Klipu za chuma nazo ni hivyo hivyo.

Kisha kuna muhuri. Masjala ya shule ina desturi ya kugonga muhuri wa "IMEPOKELEWA" juu ya kila karatasi inayoingia, na kwa barua za halmashauri ndivyo inavyotakiwa. Kwa barua hii, zungumza na karani mapema: muhuri ugongwe kwenye fotokopi, na nakala hiyo ndiyo iingie kwenye jalada la ofisi. Halisi ibaki safi. Wino wa muhuri hupenya, na mara nyingi hugongwa juu ya saini ya mwandishi, sehemu ambayo watoto wangependa kuiona kuliko zote.

Ipe namba kwa penseli laini, nyuma ya karatasi, kwenye kona ya chini, bila kukandamiza. Namba rahisi inatosha: mwaka, kisha nafasi ya barua katika mwaka huo, kama 2025/03. Bahasha ipate namba hiyohiyo na herufi B. Katika rejesta andika namba, jina la mwandishi, tarehe ya barua na tarehe ya kufika, idadi ya kurasa, kama ni ya mkono au ya kuchapwa, na ruhusa aliyotoa kwa maneno yake mwenyewe. Ndipo uipeleke darasani, na isomwe kwanza kwa darasa lililoandika. Nimeona shule ambako barua kama hii ilisomwa kwa mgeni rasmi kabla ya watoto waliouliza maswali hayo kuisikia, na sidhani kama mgeni mwenyewe aliifurahia.

Shukrani ziende ndani ya wiki mbili, nazo zieleze kilichotokea: nani alicheka, ni jibu gani lilizua ubishi. Barua ya asante isiyo na habari ni stakabadhi tu.

Hatua ya saba: kuihifadhi

Adui wa karatasi katika shule zetu ni unyevu, jua, wadudu na mikono, na takribani kwa mpangilio huo. Hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 65 kwa muda mrefu huleta kuvu, na miji ya pwani huvuka kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka. Huna kiyoyozi, sawa, lakini unaweza kuchagua kabati lisilogusa ukuta wa nje, lenye miguu inayoliinua kutoka sakafuni, na kulifungua siku kavu ili hewa ipite. Kabati la chuma ni bora kuliko la mbao kwa sababu ya mchwa. Mende na wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha wanaokaa katikati ya kurasa hufuata gundi na vumbi, basi usafi wa kabati ndio dawa ya kwanza. Usiipulizie barua dawa ya wadudu.

Barua ikunjuliwe na kulazwa bapa ndani ya bahasha ya karatasi nyeupe nzuri, kila barua na bahasha yake, kisha zote ndani ya kasha gumu lenye mfuniko. Karatasi isiyo na asidi ndiyo inayofaa zaidi kwa kazi hii, nayo ukiipata itumie. Usipoipata, karatasi nyeupe ya fotokopi ni afadhali mara nyingi kuliko bahasha ya kaki au faili la kadibodi, ambavyo hubadilika rangi na kuambukiza kilichomo. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali ikwepwe kabisa. Hiyo ni PVC, na kwenye joto hunata na kuubandua wino.

Kuna mambo matatu ambayo nayakataza bila mjadala: selotepu, gundi, na ile plastiki ya moto inayotumika kwenye vitambulisho. Hiyo ya tatu ndiyo inayowapendeza wakuu wa shule, kwa sababu barua hung'aa na inaweza kufutwa vumbi. Lakini joto la mashine na gundi yake huungana na karatasi, na hakuna namna ya kuitoa bila kuiharibu barua. Kama mkuu anataka kitu kinachong'aa, mpe nakala ya rangi na aiwekee plastiki anavyopenda.

Nakala za kidijitali

Skani barua wiki ile ile iliyofika, pande zote mbili pamoja na bahasha, kwa rangi, kwa kiwango kisichopungua nukta 300 kwa inchi, au 600 kama hati ni ndogo au wino umefifia. Shule isiyo na skana itumie simu: barua ilazwe mezani karibu na dirisha, bila jua la moja kwa moja, simu ishikwe sambamba na karatasi, na picha ihifadhiwe kama ilivyo. Usiihamishe kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maana hubanwa na herufi ndogo hufifia. Ukilazimika, itume kama waraka. Jina la faili liwe namba ya barua na jina la mwandishi. Weka nakala tatu, mojawapo nje ya jengo la shule, na usiuchukulie flashi kuwa ni hifadhi, kwa kuwa flashi za walimu huishia kubeba mitihani na virusi.

Siku hizi waandishi wengi watajibu kwa barua pepe au ujumbe wa sauti. Barua pepe ichapwe ikiwa na tarehe na anwani zake juu, ipewe namba kama nyingine, na faili lake lihifadhiwe. Ujumbe wa sauti upakuliwe nje ya simu siku hiyo hiyo, kisha darasa liuandike neno kwa neno kama zoezi la imla, na nakala hiyo iingie kwenye kasha. Simu ya mwalimu ikipotea, kila kitu kimepotea nayo.

Haki: karatasi ni ya shule, maneno ni ya mwandishi

Jambo hili huwashangaza wengi. Barua ikishapokelewa, karatasi ile ni mali ya shule, nayo inaweza kuihifadhi na kuionyesha maktabani. Lakini haki ya kuyachapa na kuyasambaza maneno yaliyomo inabaki kwa aliyeyaandika, na baada yake kwa warithi wake. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania na Kenya zote ni wanachama, unaweka muda wa chini wa ulinzi kuwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufariki. Kwa Tanzania Bara sheria inayohusika ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003. Kwa hiyo kuiweka barua kwenye jarida la shule, kalenda ya kuuza au mtandaoni kunahitaji ruhusa ya maandishi, na ndiyo sababu tuliiomba tangu barua ya kwanza. Asiporuhusu, au asipogusia kabisa, soma barua kwa watoto ndani ya maktaba na uishie hapo. Kama ndani ya barua ametaja ugonjwa, namba ya simu au ugomvi wake na mchapishaji, sehemu hiyo isisomwe hata kama ameruhusu mengine yote.

Kuionyesha na kuitumia

Kinachobandikwa ubaoni siku zote ni nakala. Halisi itolewe kwa tukio maalumu, iwekwe chini ya kioo kisichopigwa na jua, kwa siku chache, kisha irudi. Lakini isifungiwe moja kwa moja. Mara moja kwa mwaka, darasa jipya linapokianza kitabu kile, waonyeshe barua yenyewe. Waoshe mikono waikaushe, wakae wawiliwawili mezani, na barua ilale juu ya karatasi safi wakati wanaisoma. Nakala ya barua ibandikwe pia ndani ya bahasha ndogo kwenye jalada la nyuma la kitabu cha maktaba, ili mtoto anayeazima kitabu aikute bila kuambiwa.

Makabidhiano

Mwalimu wa maktaba huhamishwa, mara nyingi kwa notisi fupi, na barua nyingi hupotea wiki hiyo kuliko zinazoliwa na mchwa. Kasha liwe na mstari wake katika hati ya makabidhiano, likitajwa kwa idadi ya barua na namba zake kutoka rejesta, siyo kwa maneno "vitu mbalimbali vya maktaba." Anayepokea azihesabu mbele ya mwalimu mkuu na wote watatu watie saini. Mweleze mrithi wako ni mwandishi gani bado anasubiriwa, ni yupi hajashukuriwa, na neno la siri la barua pepe ya maktaba.

Kama shule haina tena mahali salama, kwa mfano paa linavuja au maktaba imegeuzwa darasa, zungumza na maktaba ya mkoa, na kwa Zanzibar au Kenya na taasisi ya nyaraka ya huko, kuhusu kuzipokea barua halisi huku shule ikibaki na nakala. Kabla ya kukabidhi, mwandikie kila mwandishi aliye hai umjulishe barua yake inakokwenda. Makubaliano yaandikwe, yataje kwamba watoto wa shule wataruhusiwa kuja kuziona, na nakala yake iwekwe juu ya fotokopi za barua mlizowahi kutuma.